Ndewe ya Sikio la Kushoto

Kalamu yangu ya kwanza ilikuwa kipande cha mkaa, na ubao wangu wa kwanza ukuta wa duka la baba pale Dongobesh. Nilichora ng'ombe, mteja mmoja akataka kumnunua. Hiyo ni kweli tupu, au karibu na kweli. Baba alinichapa kwanza, kisha akaniagiza nichore upande wa pili chumvi, sukari na chupa ya mafuta ya taa, ili wasiojua kusoma wajue tunauza nini. Kusoma kwenyewe nilikupata kwenye darasa la usiku, chini ya koroboi iliyotoa moshi mpaka sote tukahitimu na masharubu meusi, hata mama mmoja aliyekuwa akikaa mstari wa mbele.

Vita vya Hitla vilipokuja kutafuta vijana Mbulu, vilinikuta mimi msomi na mchoraji kwa pamoja, jambo ambalo nadhani halikuwahi kutokea tena duniani. Jeshini nilimchora sajenti wetu akiwa amelala mdomo wazi. Badala ya kunitia kizuizini walinipeleka kwenye gazeti la askari, nikapewa kofia, penseli, karatasi na cheo cha koplo. Kazi yangu ikawa kutembea na vikosi huko Burma, leo na hawa, kesho na wale, nikichora nyuso zao na kuandika chini ya kila picha maneno machache ya Kiswahili ya kupeleka nyumbani.

Mvua ya Burma hainyeshi, inamwagwa. Mbu wa kule niliwahi kumwona mmoja akijaribu uzito wa bunduki. Hayo niliruhusiwa kuyaandika. Mengine nilikatazwa, na aliyenikataza ni Bwana Kapteni wa gazeti, mtu mpole, mrefu, aliyejua Kiswahili kuliko baadhi yetu. Alinisomea amri siku ya kwanza na kuirudia kila nilipompelekea kazi: usichore maiti, usichore jeraha, usitaje mto wala mji. Na juu ya yote, usimwambie mtu wa nyumbani kwamba fulani amekufa.

"Kifo ni habari ya serikali," alisema. "Kitakwenda chenyewe, kwa karatasi yake. Ukikitangulia wewe, utalala kizuizini mpaka vita viishe."

Kwa hiyo picha zangu zote ni za watu wanaokunywa chai. Ukizitazama utadhani tulivuka bahari kwenda kwenye arusi.

Basi, vita vikiwa bado vinaendelea, walinirudisha nyumbani na Kapteni mwenyewe, kwa lori lililobeba mabango ya picha hizo. Tuzunguke Mbulu yote mpaka tambarare za Hanang, watu waone vijana wao wanavyonenepa. Nilifurahi kupita kiasi. Nilidhani nitapokewa kama mvua.

Tulianzia Tumati. Mabango tuliyasimamisha kulizunguka lori, na watu wakaja wengi kama siafu, ila siafu wana kelele kuwashinda. Walipita bango kwa bango bila neno. Mama anaweka kidole kwenye shavu la askari, anakiondoa, anakiweka kwenye shavu la jirani yake. Waliowapata watu wao walikuwa wachache. Wasiowapata walirudi mwanzo wakaanza upya, kana kwamba nimemficha mtoto wao mgongoni mwa mwingine. Hakuna aliyeniuliza kitu. Walinitazama tu mikono.

Mzee mmoja alisimama kwa mbali, pamoja na ng'ombe wake. Nikamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Simama hapo hapo. Umetoka kwenye maiti?"

"Nimetoka vitani, mzee."

"Sikukuuliza vita. Nimekuuliza maiti."

"Nimeoga, mzee. Nimeoga Kolombo, nimeoga Mombasa, nimeoga Arusha. Sabuni imeisha mwilini mwangu."

Nilitegemea watu wacheke. Hawakucheka. Mzee alisema kuoga kwa sabuni hakuhesabiki, mtu aliyeshika mfu ana mambo ya kufanyiwa kwanza kabla hajakaribia mifugo ya wenzake. Akawageuza ng'ombe, akawapitisha njia ndefu ya nyuma ya kilima, na watu mmoja mmoja wakamfuata. Uwanja ukabaki na mabango.

"Amesema nini?" Kapteni aliuliza, kwa maana tulikuwa tumezungumza Kiiraqw.

"Anasema ng'ombe wake wanaogopa lori, bwana."

Tangu siku hiyo nilianza kulala vibaya. Kila tulikofika, habari ilikuwa imetutangulia, nayo haikuwa habari ya chai.

Katesh tulimpata mkalimani, kwa kuwa huko wanasema Kibarabaig, na changu kilikuwa cha kununulia maziwa tu. Alikuwa mwenye duka, Mwislamu kama sisi wa Dongobesh, baba yake mtu wa Kondoa na mama yake sijui wa wapi, mwenyewe hajui. Alipanda lori akilalamika.

"Mimi nauza chumvi, mdogo wangu. Vita hivi vimenikuta nauza chumvi. Na unajua chumvi dukani kwangu ina majina mangapi? Mwanamke wa huku akiolewa hataji jina la baba mkwe wake. Sawa, adabu. Lakini hataji hata neno linalofanana na jina hilo! Kama mkwe ana jina lenye sauti ya chumvi, huyo mama chumvi ataiita kitu kingine mpaka kufa. Huyu anaiita hivi, jirani yake anaiita vile, na wote wanaelewana. Mimi miaka minane najifunza, bado nampimia mtu sukari."

"Hawakosei?"

"Wakosee wapi! Wamezoea kulizunguka neno kama unavyozunguka shimo. Usiku hata mchana hawatumbukii."

Tulicheka mpaka Balangdalalu. Huko kicheko kiliisha. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka ziwa la chumvi na kuinua vumbi jeupe, likaufuta mlima wote wa Hanang kuanzia chini, kikabaki kilele kinaelea peke yake. Watu walikuwa wameshafika kabla yetu. Wamekaa chini, mashuka yamefunika vichwa kwa sababu ya vumbi, na kwa mbali mtu angesema ni mawe. Kapteni alikunjua kiti chake cha turubai kando ya meza yangu, akawasha kiko.

Mwanamke mmoja aliinuka wa kwanza. Alikuwa kijana wa umri wangu, amevaa ngozi, na mikono yake ina bangili za shaba kuanzia kiwiko. Alishapita mabango yote. Alisimama mbele ya meza akazungumza na mwenye duka.

"Anamtafuta mume wake," mwenye duka alisema. "Hayupo kwenye picha."

"Jina la mume na jina la baba wa mume," alisema Kapteni. "Tutaandika, tutauliza."

Mwenye duka alinitazama, mimi nikatazama penseli.

"Bwana, hilo ndilo hawezi."

"Hajui jina la mume wake?"

"Analijua sana. Lakini jeshini wameandikwa na majina ya baba zao, na jina la baba huyo halitoki mdomoni mwa huyu mama hata umchome moto."

"Basi aseme mwingine. Hana ndugu?"

Mwanamke aliulizwa. Alijibu polepole, akitazama upande wa miiba ambako njia ya kutoka bomani kwao inatokea.

"Yuko shemeji yake, kaka wa mume. Anasema huyo hatakuja kumsaidia. Shemeji anasema mume ameshakufa. Mwezi huu ukiisha na mwingine ukiandama, anamchukua bomani kwake, yeye na watoto na ng'ombe. Huyu mama amekataa. Amesema, hajafa mtu kama hajaonekana aliyemwona akifa. Wazee wamempa mpaka mwezi uandame. Sasa shemeji amesikia lori limekuja, naye yuko njiani, anatafuta huyo aliyeona."

Kapteni alikuna shingo. Kisha likamjia wazo ambalo yeye aliliona zuri sana. "Mchore," aliniambia. "Mama aeleze sura, wewe uchore, tubandike kwenye bango. Askari wa likizo atamtambua popote."

Nilikuwa bingwa wa kazi hiyo. Gizani, kwenye tope, lori likikimbia, nilikuwa naweza kumchora mtu kwa kuambiwa tu kikohozi chake. Nikachonga penseli.

Alieleza vizuri, kwa mpango, kama anayeeleza ng'ombe aliyepotea. Uso mrefu. Paji pana. Kovu juu ya nyusi ya kulia, la mkuki wa utotoni, limepinda kama mundu. Midomo iliyokaribia kucheka hata akikasirika. Mwenye duka alitafsiri, mimi nikavuta mistari. Nilipofika kwenye kovu mkono wangu ulipunguza mwendo. Kwenye midomo haukuhitaji tena kuambiwa.

Nilimjua. Nilikuwa nimeketi naye ukingoni mwa mto mmoja kule Burma ambao mpaka leo midomo yangu inasita kuutaja, tukingoja mashua. Alikuwa na ndewe ndefu, ile nyama ya chini ya sikio inayotobolewa na kunyooshwa, na sajenti alikuwa ameamuru wote wenye ndewe waziviringe juu ya sikio, zisinaswe na mkanda wa bunduki. Nilitaka kumchora. Akakataa, kwa Kiswahili chake cha jeshini.

"Hapana, koplo. Sikio likishuka ndiyo nichore. Hivi mke wangu ataona sungura."

Nikamwambia tukivuka nitamchora sikio limeshuka. Alivuka. Alipanda ukingo wa pili. Mchana wa siku hiyo hiyo mimi nilikuwa mmoja wa walioshika koleo.

Nikakazana kuchora kama mtu asiye na habari. Nywele, shingo, bega. Nikainua kichwa. Mwanamke hakuwa ananitazama usoni, alikuwa anatazama karatasi, na kidole chake kilikuwa juu yake.

Mwenye duka alikohoa. "Anasema... anasema hajakueleza sikio."

Nilitazama. Ndewe ya sikio la kushoto nilikuwa nimeiviringa juu, vizuri kabisa, na kivuli chake.

"Anasema nyumbani lilikuwa linashuka mpaka hapa. Anasema, wewe umeliona wapi limekunjwa?"

Kapteni alikuwa anagonga kiko kwenye kiatu. Alielewa kila neno la Kiswahili chetu, hilo nakumbusha.

"Mwambie askari wengi hukunja masikio. Nimebahatisha."

Alipoambiwa hivyo hakubisha. Alinitazama kwa mara ya kwanza, muda mrefu, halafu akamtazama mzungu, halafu mimi tena. Nilikuwa nimetazamwa na mizinga. Sikuwahi kutazamwa vile. Alipozungumza tena sauti ilikuwa nyepesi, ya mtu anayeuliza bei ya shanga.

"Anasema," mwenye duka alitafsiri, "anasema anaona wewe pia una neno ulilokatazwa. Kama yeye. Hana shida na hilo, adabu ni adabu. Sasa anataka kukuuliza habari za ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Ng'ombe wake. Dume, mwenye kovu juu ya jicho la kulia. Aliondoka na kundi kwenda malisho ya mbali. Anadhani kwenye safari zako umekutana nalo kundi hilo."

Kapteni alipiga mwayo. "Ng'ombe tena," alisema. "Dakika moja tu, koplo, watu wanangoja."

Nyuma ya miiba vumbi lilikuwa limeanza kuinuka mahali pamoja, na halikuwa la upepo. Mtu alikuwa anakuja na vijana wake. Mwanamke aliliona. Hakuharakisha.

"Kundi nilikutana nalo," nilisema.

"Dume alikuwamo?"

"Alikuwamo. Mwenye nguvu. Alikuwa anawachekesha wenzake," nikasema, kisha nikasahihisha, "yaani anawarukia rukia."

"Walifika kwenye maji?"

"Walifika kwenye maji makubwa."

"Alivuka?"

"Alivuka. Akapanda ukingo wa ng'ambo."

Alingoja. Mwenye duka naye alingoja, akiwa amefunga macho.

"Akalala pale pale juu ya ukingo," nilisema. "Hakuinuka."

Hakubadilika uso hata kidogo. Bangili tu ndizo zililia, mara moja, kwa sababu alishika ukingo wa meza.

"Fisi walimpata?"

Hilo swali nililijua uzito wake. Kwa desturi ya kwao mtu wa kawaida akifa huachiwa pori. Ni mzee mkubwa, mwenye heshima yake, ndiye anayelazwa ardhini na kufunikwa udongo, ukoo wote ukiujenga juu yake.

"Hawakumpata. Tulimfunika kwa udongo."

"Udongo?" Mara hii hakusubiri tafsiri iishe. "Kama mzee?"

"Kama mzee. Udongo mwingi, na mawe juu. Mimi mwenyewe nilishika koleo."

Kiko cha Kapteni kilisimama hewani.

"Ng'ombe," alisema, "mmemzika ng'ombe?"

Naapa moyo wangu ulisimama muda wa kutosha mtu kupika ugali. Aliyejibu ni mwenye duka wa Katesh, yule aliyekuwa akilia kwamba yeye anauza chumvi tu.

"Sotoka, bwana," alisema. "Ugonjwa wa ng'ombe. Bwana mifugo ameamuru, mzoga wowote uzikwe, usiachwe fisi wakaueneza. Watu wa huku hawapendi, lakini koplo huyu amesoma darasa la usiku."

Kapteni alinitazama kwa kuridhika kabisa. "Vizuri sana," alisema. "Hivyo ndivyo inavyotakiwa." Akakitia kiko tumbaku mpya.

Sasa shemeji alikuwa amefika kwenye miiba. Alikuwa mtu mnene wa shingo, na mkuki wake ameushika kama fimbo ya matembezi. Mwanamke aliinama juu ya karatasi, akasema maneno machache.

"Anasema umshushe sikio," alisema mwenye duka.

Nilichukua mpira wa kufutia. Nilikunjua ile ndewe mstari kwa mstari, nikapuliza vumbi lake, nikamchorea nyingine ndefu inayoshuka mpaka karibu na taya, kama alivyotaka mwenyewe ukingoni mwa mto. Nilipomaliza, mbele yangu alikaa mtu ambaye hakuwahi kuvaa mkanda wa bunduki. Mwanamke alimtazama. Pumzi moja tu alimtazama hivyo.

Kisha akageuka kuelekea umati, akaanza kunicheka. Jamani, kicheko gani! Alinielekezea kidole, akasema maneno yaliyowafanya wale waliokuwa mawe wafunue vichwa na kucheka pia.

"Anasema nini?" nilimuuliza mwenye duka.

"Usitake kujua. Anasema mchoraji wa wazungu hajui kitu, ni kama ndama, unamvuta pua anakufuata. Kila ulichochora amekuambia yeye. Anasema angekuambia mumewe ana pembe ungemtia pembe."

Shemeji alisogea, akaitazama picha kwa karibu, akaitambua, nilimwona akitambua. Aliniuliza mwenyewe, kwa Kiswahili cha mnadani.

"Wewe. Huyu umemwona? Vitani?"

"Nimechora nilivyoambiwa, mzee."

"Nimekuuliza umemwona."

"Na sikio hili?" nilisema, nikigonga ndewe kwa penseli. "Jeshini hakuna mtu mwenye sikio hivi. Waulize waliotoka huko. Wote wanaviringa."

Alitema mate kando ya gurudumu la lori. Kapteni alimwomba jina la askari na la baba yake. Akayataja yote mawili, kwa sauti kubwa, huku akimtazama mwanamke. Yeye alikuwa ameshageuza uso kuelekea ziwani, kwa adabu. Hakumpa shemeji hata kope. Bangili zake zote zilikuwa mikononi. Mjane huvua. Yeye alitembea nazo zikilia mpaka vumbi jeupe likammeza, na picha iliyokusudiwa bango ameikunja ndani ya ngozi yake.

Njiani Kapteni alikuwa na furaha. Alisema siku imekwenda vizuri, watu wamecheka, ndiyo mara ya kwanza. Mwenye duka na mimi tulikaa nyuma na mabango. Nilikuwa nahesabu mwezi. Ulikuwa umebaki kama ukucha. Na nilijua karatasi ya serikali iko mahali fulani barabarani, labda Arusha, labda imeshafika Mbulu, inasogea tu. Ina majina mawili juu yake na haijui kuzunguka.

Nilirudi Katesh vita vilipokwisha, nikiwa raia, mwembamba kama penseli yangu mwenyewe. Mwenye duka alinikumbatia mpaka mbavu zikagongana, akanipa chai, akanisimulia bila kuulizwa.

Karatasi ilifika. Ilichelewa, kama vitu vyote vya serikali, na safari ile tu ndiyo niliwashukuru punda wao wa posta. Karani alisimama barazani akaliita jina la marehemu na la baba yake, kwa nguvu, kama alivyofundishwa. Mjane ajitokeze. Akaita tena.

"Hakuna aliyeitika," alisema mwenye duka. "Angeitika nani? Mwezi ulipoandama, shemeji alikuta boma tupu. Mama huyo alikuwa ameshahamisha watoto na ng'ombe, kidogo kidogo, kila siku wawili watatu kama anawapeleka kunywa maji, mpaka Dirma kwa kaka zake. Na kaka zake wana mikuki mirefu."

"Na bangili?"

Alimimina chai nyingine kwanza.

"Alinijia dukani kabla ya kuvuka kwenda huko. Kichwa amenyoa, mikono mitupu. Akaniomba chumvi, kwa lile neno lake. Nikampimia chumvi, mdogo wangu. Safari ile sikukosea."